Kokwa la Fyulisi Ndani ya Mvinyo wa Mwitaliano

Kwa miaka mingi niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua huchomoza Mbozi kwanza ndipo likaamshe nchi nyingine, kwamba mvinyo mweupe wa Waitaliano hutokana na zabibu zilizomenywa kwa kucha, moja moja, na mabibi harusi. Si wanawake wowote. Mabibi harusi ambao hawajamaliza mwezi tangu waolewe, kwa kuwa vidole vyao bado havijazoea majivu ya jikoni. Aliyenieleza ni shemeji yangu Jofrey, mdogo wake mke wangu, ambaye enzi hizo alikuwa utingo wa malori ya Kongo na aliwahi kubeba katoni za mvinyo huo begani. Mtu aliyebeba kitu begani utambishia nini? Tena mimi ni mkulima wa kahawa, najua tunda jekundu likimenywa hutoa punje nyeupe. Hesabu ilikubali. Nimesoma hadi kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiingia darasani na udongo wa shamba miguuni, na nilifaulu mpaka mwalimu akaomba kupumzika. Elimu hiyo yote niliitumia kumthibitisha Jofrey.

Safari ninayowasimulia ilianza kwa ajili ya kahawa. Kikundi chetu cha Itaka tunachuma wenyewe, tunamenya, tunaosha, tunakausha. Lakini kahawa hiyo ikifika ghalani huchanganywa na ya vikundi vingine, na jina la Itaka linayeyuka humo kama chumvi kwenye mboga. Hilo lilituuma. Mwaka huu zikaja habari kwamba mnunuzi wa Kiitaliano, Bwana Paolo, anatoka kuangalia kahawa upande wa Zambia na atalala Tunduma. Alisema kwa simu kwamba yuko tayari kuichukua kahawa yetu peke yake, magunia yaandikwe Itaka, ila kwanza aletewe kahawa pamoja na mwonjaji wa kikundi. "Nataka kuujua ulimi unaolinda hayo magunia," alisema. Mwonjaji ni mimi. Nilifundishwa kazi hiyo mafunzoni: kuvuta kahawa kijikoni kwa kishindo ili itawanyike mdomo mzima, kisha kuitema.

Itaka, alfajiri. Kipupwe kilikuwa kinauma kiasi kwamba jogoo aliwika mara moja akarudi kulala. Mke wangu, Mama Ester, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, alifunga kopo la kahawa aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe, akalitia kwenye kikapu.

"Baba Ester, kijiko umebeba?"

"Kipo mfuko wa shati, upande wa moyo."

"Na ule mdomo wako wa kuongeza chumvi, umeuacha nyumbani?"

"Mama Ester, mdomo ndio kazi yenyewe."

"Basi leo uutumie kuonja tu. Kuhubiri tumwachie mchungaji."

Majirani walikuja kutusindikiza hadi njia panda. Mzee mmoja alinishika bega akasema, "Usituaibishe." Mkono ule niliusikia mpaka Mlowo.

Mlowo. Hapo tulipata canter ya maharage, dereva akatukaribisha mbele kwa heshima ya kikapu. Barabara kuu ni lami, na pande zote mbili mashamba ya kahawa yalikuwa yanatoa mvuke kwa jua la kwanza. Tukapita Vwawa watu wakifungua maduka. Nikamweleza dereva kwamba naenda kukutana na Ulaya. Akauliza, "Ulaya yote?" Mama Ester akamjibu, "Mmoja tu, kaka, tena amezeeka."

Mpemba. Malori yalianzia hapo kupanga foleni ya mpaka. Naapa lori la mwisho lilizaliwa palepale, likakua, likaota kutu, likapata wajukuu, na bado zamu yake haijafika. Madereva walikuwa wameanika nguo kwenye vioo na kupika ugali kati ya matairi.

Tunduma, mchana. Jofrey alitupokea stendi. Siku hizi ameacha utingo, anawakimbizia mawakala wa forodha karatasi zao. "Shemeji, karibu mjini," alisema. "Huku hata mbuzi anajua bei ya kwacha." Akatupitisha katikati ya wabadilisha fedha waliokaa na mabunda yao wazi kama wauza nyanya, bodaboda zikitupiga honi magotini, hadi kwenye hoteli iliyo karibu na mpaka, ambako madereva wa Zambia hula samaki.

Bwana Paolo alikuwa barazani, mzee mrefu mwenye kofia ya majani. Nilikuwa nimeandaa salamu ya Kiingereza niliyoifanyia mazoezi tangu Vwawa. Akaniwahi kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene!"

Kumbe alikaa Iringa miaka mingi, akichimba visima, na Kiswahili chake kina milima ya Uhehe ndani yake. Kiingereza changu nikakirudisha mfukoni kikiwa kipya.

Yakaletwa maji ya moto. Mama Ester akapanga vikombe, akatia kahawa, akamimina. Bwana Paolo akasubiri, akanusa, akavuta kijiko kimoja, akatema.

"Niambie kahawa hii ikoje," akaniambia.

"Bwana Paolo, inanukia kama lango la mbinguni likifunguliwa asubuhi."

"Sijafika huko. Nitajuaje?"

"Ni tamu kuliko kahawa zote za dunia!"

"Umezionja zote?"

Jofrey akakohoa. Mama Ester akanitazama kwa jicho ambalo waume wa Itaka wanalifahamu. Nikaona magunia yetu yanarudi kuchanganywa, na yule mzee wa njia panda amesimama palepale ananingoja.

Bwana Paolo hakukasirika. "Kahawa hii ni mwanao," alisema. "Mtu hawezi kumwonja mwanawe. Nitakupa mtoto wa watu. Ukiniambia vizuri kilichomo, nitaamini na ya kahawa." Akafungua kisanduku cha barafu, akatoa chupa ya kijani. Ulikuwa mvinyo mweupe mkavu kutoka kwao, wa shamba la dada yake, na zabibu zake zinaitwa Verdicchio. Alimimina kidogo kwenye glasi, glasi ikatoka jasho.

Niliinua glasi juu. "Kabla ya yote, pongezi kwa wale wanawake!"

"Asante," alisema, macho yakimlegea. "Nitamwambia dada yangu."

Basi nikajua Jofrey alisema kweli.

Rangi ya mvinyo ilikuwa ya bua la ngano kwenye jua, na pembeni kijani chembamba. Nikatoa kijiko changu, nikachota, nikavuta. Wasomaji wangu, mvuto ule ulisikika Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Dereva mmoja wa Kizambia meza ya pili akaacha kula. "Mukwai," akauliza kwa adabu ya kwao, "unakunywa ama unaita mbwa?"

Baraza likacheka. Bwana Paolo akainua mkono. "Mwacheni. Yuko kazini."

Kwanza nilidhani umeharibika. Mimi mvinyo niliokuwa naujua ni ule wa sikukuu, mtamu hadi nyuki wanafuata glasi. Huu ulinikamata taya kama ndimu na sukari haikuwamo hata ya kuombea. Sasa kwetu mgeni hasemi chakula cha mwenyeji kibaya. Nikafungua mdomo kusema ni mtamu sana, Mama Ester akaniwahi kwa sauti ya chini: "Usimsifu. Mwonje."

"Sukari unaitafuta?" Bwana Paolo akauliza. "Ilikwisha wakati zabibu zinachacha. Ndio ukavu wenyewe. Sukari imehama, wewe tazama imeacha nini nyumbani."

Nikanyamaza. Watakaosoma haya na kunifahamu watajua ni tukio kubwa. Nikafikiri kama niko mezani kwetu. Kahawa ikiwa ya moto sana hufichaficha, ikipoa ndipo inaanza kueleza habari zake. Huu nao ulikuwa umebanwa na baridi. Nikaikumbatia glasi kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayeota moto, nikakaa nayo. Jofrey akanong'ona, "Shemeji, pombe haiatamiwi." Sikumjibu. Nikaona Bwana Paolo amesogeza kiti karibu.

Nilipoinusa tena, mlango ulikuwa wazi. Nikavuta kijiko cha pili, nikatema kwenye ndoo, nikasema polepole, bila chumvi.

"Mbele kuna ndimu, hasa ganda lake ukilikwangua. Nyuma yake peasi ambalo halijaiva, lile linalolia likikatwa. Halafu kuna harufu ya ua la kahawa, siku ya pili baada ya kuchanua, asubuhi, kabla jua halijalichosha. Kuna chumvi kidogo, kama umelamba jiwe la mtoni. Na mwisho kabisa, nikishatema, kuna uchungu mdogo unaobaki. Huo naujua."

"Unaujua wapi?"

"Tulipokuwa watoto, tukila mafyulisi, kokwa tulilipasua kwa jiwe. Ndani kuna kijipunje cheupe. Ukikiuma ni kichungu, lakini uchungu mzuri, unataka kuuma tena. Ni huo. Kokwa la fyulisi."

Bwana Paolo alisimama. Nilidhani nimemkosea.

"Fyulisi!" alisema. "Kwetu tunasema lozi chungu. Nimekaa Iringa, nimekula mafyulisi mpaka nikaugua, nimewamiminia marafiki mvinyo huu, na sijawahi kupata neno la kuwaeleza ule mwisho wake. Fyulisi!" Akampa mkono hata yule dereva wa Kizambia.

Nawaambia ukweli, kifungo cha shati langu kilitaka kuruka. Nilikuwa mrefu kuliko foleni ya malori.

"Sasa," akasema, "kahawa yako."

Ilikuwa imepoa vizuri. Nikavuta. "Ina ndimu kidogo, asali ya nyuki wadogo, na mwisho kama chai ya rangi. Lakini gunia moja la mwanzo lililala na umande, lina harufu ya jamvi. Hilo hatukulileta, na hatutakuletea."

Mama Ester aliniongezea maji ya moto kwenye kikombe bila kuombwa, na kwa watu wa nyumba yetu hiyo ni medali.

Ikaja mezani migebuka ya kukaanga na ugali. Nilikuwa nimeahidi kutema kila tone, kwa kuwa mke wangu ni wa kwaya. Bwana Paolo akasema mvinyo huu bila samaki ni nusu ya habari. Nikamtazama mwenyekiti. "Glasi moja," akasema, "tena kwa niaba ya kikundi." Nikala kipande cha mgebuka, mafuta yakajaa mdomoni, nikanywa, na ule ukali wote niliouogopa ukayafagia mafuta hayo, mdomo ukawa mpya kabisa, unataka samaki mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukavu wake si upungufu. Umeacha nafasi ili chakula nacho kikae. Kikundi kizima cha Itaka kilikunywa kupitia kwangu, na naripoti kwamba kiliridhika.

"Ulimi nimeuona," Bwana Paolo alisema akifunga kisanduku. "Kesho nataka kuona mikono. Itaka ni mbali?"

Asubuhi, safari ya kurudi. Tulipanda gari lake, Jofrey naye akajipakia nyuma, kuhakikisha, alisema, kwamba ukoo unawakilishwa. Bwana Paolo aliuliza mengi njiani, lakini kuhusu magunia hakutamka neno. Kadiri tulivyoikaribia Itaka ndivyo Mama Ester alivyozidi kukisogeza kikapu kifuani.

Itaka. Wanawake wa kikundi walikuwa kazini. Wengine walikuwa wanaondoa kahawa zinazoelea kwenye maji, wengine wanazungusha mashine ya kumenyea ya mkono, na wengine wameinama juu ya vichanja, wakitoa punje mbovu moja moja na vidole vimechakaa kwa maji. Bwana Paolo alitembea kichanja hadi kichanja. Alichota punje, akanusa, akazirudisha. Alisimama kwa muda mrefu nyuma ya bibi mmoja akitazama mikono yake tu.

Watu walikuwa wamekusanyika, wakingoja neno la mgeni. Mimi kungoja hakunifai. Nikapanda juu ya kreti.

"Ndugu zangu!" nikasema. "Huyu mgeni kwao wanajua kazi! Mvinyo wao mweupe nimeuonja, na ninyi mmeuonja kupitia kwangu. Zabibu zake humenywa kwa kucha, moja moja, na mabibi harusi!"

"Ambao hawajamaliza mwezi!" Jofrey akaongeza.

Wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya wenzao wa Ulaya. Bwana Paolo akageuka taratibu.

"Nani kakwambia?"

"Huyu hapa, aliyebeba katoni."

Mzee akavua kofia. "Baba Ester, hakuna anayemenya zabibu. Zenyewe zina ganda la kijani tangu shambani. Tunazikamua kwa mashine, maji yanatoka, maganda tunayarudisha shambani kuwa mbolea. Wanaomenya na kuchagua moja moja nimewakuta hapa. Ndiyo maana nasema magunia yaandikwe Itaka."