Samaki Asiye na Jicho

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tarini Devi alitunzwa Tokyo, akatunzwa Paris, akavishwa nishani na watu waliompigia makofi mpaka akaona haya. Kwao, katika kijiji kimoja cha Mithila, India, hakuruhusiwa kugusa ukuta.

Ukuta wenyewe ni ule wa chumba cha maharusi. Wanawake huuchora mayungiyungi, mianzi, kasa na samaki ili ndoa izae na idumu, na mjane hatii mkono. Tarini alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini na mmoja. Wakamvua bangili, wakamnyima na kuta zote za kijiji. Desturi nyingine hazina haya. Alilia weee, kisha akaanza kuchora kwenye karatasi za kufungia sukari, na karatasi hizo ndizo zilizomtembeza dunia.

Sasa ana miaka sabini, na mjukuu wake Vibha anaolewa kesho. Alitamani jambo moja tu: kumchorea. Alikaa kizingitini na kijiti chake cha mwanzi, akiwatazama wenzake wakichora.

"Huyo samaki au kiatu?" ikamtoka.

"Mama nawe!" mkwewe Shobha akacheka. "Sisi hatujafika Paris."

"Hata mjini Darbhanga hapo hamjafika, naona."

Wifi yake Kamini hakucheka. "Wifi, rudi nyuma. Kivuli chako kinaingia chumbani."

Tarini akajivuta nyuma, ameinamisha kichwa. Hapo Vibha akainuka, mwili mzima umepakwa manjano.

"Bibi, babu ulimuua wewe?"

"Alikufa kwa homa ya matumbo, mwanangu."

"Basi njoo. Samaki huyu hana jicho, nami silali chumba kimoja na samaki kipofu."

"Utajitia nuksi, wewe mtoto!" Kamini akafoka.

"Nuksi ni kuolewa bibi yangu amekaa nje, bibi Kamini."

Akamshika mkono, akamwingiza. Mkono ule uliochora mbele ya kamera za watu bila wasiwasi sasa ulisita hewani, hata Shobha akaja kumshika kiwiko. Tarini akachovya kijiti kwenye masizi, akatia nukta moja nyeusi. Miaka thelathini na tisa hajagusa ukuta. Akaulaza uso wake kwenye udongo ule mbichi, akalia bila kujificha.

Kisha akajifuta kwa ncha ya sari.

"Haya, nipisheni. Na kasa huyu nani kamharibu?"