Paka wa Bibi Yangu Kwenye Ukuta wa Madrasa

Msomaji wangu, juzi nilirudi Mpanda nikakutana na paka aliyekufa zamani. Usikimbie. Amechorwa ukutani kwenye ile madrasa yetu ya miaka ya tisini, amelala mapajani mwa bibi kizee, na watoto wanamwimba kwa sauti za kung'oa mabati.

Ngoja nirudi nyuma.

Tulisoma alasiri, vumbi jekundu miguuni, harufu ya karanga za kukaanga ikitoka kwa jirani kujaribu imani zetu. Ubao wangu wa mninga ulikuwa mzito kama mlango wa ghala la tumbaku, na wino tulijitengenezea kwa masizi ya sufuria na gundi ya mti. Herufi zote za Kiarabu nilizimudu isipokuwa hamza. Ndogo kama kucha ya kifaranga, lakini haina kwao: leo imekaa juu ya wau, kesho juu ya alif, keshokutwa juu ya herufi ya, mara iko peke yake mstarini kama mtu aliyefukuzwa. Ustadhi alisema inakalia herufi ya irabu jirani yenye nguvu, i kwenye ya, u kwenye wau, a kwenye alif: i inaishinda u, u inaishinda a. Tulikariri, tukasahau, tukachapwa. Fimbo zile zingetosha kujenga zizi la Msukuma mwenye ng'ombe elfu.

Jibu nililipata jikoni kwa bibi. Paka wake, bibi akiwepo, alipanda mapajani mwa bibi tu. Bibi akitoka, kwa mama. Mama naye akitoka, anajishusha hadhi kwa baba. Wote wakiondoka, analala sakafuni peke yake. Niliruka nusura nipindue chungu cha kisamvu. Hamza ni paka! Bibi ni i, mama ni u, baba ni a.

Bibi hakujua kusoma hata jina lake. "Kumbe hata kwa Waarabu mwenye nguvu ni mie?" akacheka, kisha akatangaza mpaka kwa ndugu wa Sitalike kwamba Maulidi ile mjukuu wake ndiye atakayesoma mbele ya wageni. Nafasi ilikuwa moja, ya atakayeandika maneno ya hamza bila kosa.

Siri ya paka nilimpa shoga yangu, binti wa fundi baiskeli, tuliyekaa naye mkeka mmoja. Ningemnyimaje? Hata embe tuligawana, kokwa tukilamba kwa zamu.

Sasa, kwetu hukuosha ubao wako mwenyewe. Mwenzako wa mkeka ndiye aliyeuosha, ustadhi akishaukagua, na maji yake yakamwagwa shinani mwa mpapai yasije yakakanyagwa. Siku ya mtihani niliandika, nikatoka kutia udhu. Niliporudi, ubao wangu ulikuwa mweupe, unachuruzika maji.

"We! Ustadhi hajauona!"

"Aa, shoga, si nilidhani kashauona?" Hakunitazama. Alikuwa anapuliza wino wa ubao wake ukauke.

Nililia niandike upya. Adhana ya magharibi ikaanza, na ustadhi akasema, "Ubao mtupu hauna shahidi, binti."

Siku ya Maulidi bibi alikaa mbele kabisa na kanga mpya inayonuka duka. Lilipoitwa jina la shoga yangu, aliendelea kunyoosha shingo, akidhani linafuata lingine. Njiani alisema neno moja tu: "Mwakani."

Mwakani haikumkuta.

Nilinuna, ndugu yangu, nikazaa nimenuna, nikamaliza sekondari ya jioni nimenuna. Juzi nikasema basi, yaishe. Shoga ndiye mwalimu pale siku hizi. "Jamani! Umenenepa we!" akanipa kiti, akaita kasichana kenye pengo kamweleze mgeni ile picha.

"Huyu ni bibi yake mwalimu wetu," kakasema. "Na huyu paka wake."

Nikamgeukia mwalimu. Alikuwa anapanga chaki. Bibi yake! Bibi yake aliishi Kasansa, na kila alipoona paka alimrushia kuni.

Ubao ningeusamehe. Lakini bibi?

Nyumba ya bibi imebomolewa, pamesimama duka la simu. Mpapai umekatwa, mbao zetu zimeishia jikoni kwa watu. Nikafungua kinywa niseme yote, na watoto wakaanza tena: bibi akiwepo, paka kwa bibi. Sijui mahali pengine duniani bibi yangu anapotajwa.

Nikaitikia nao, kwa sauti kuliko wote.