Miche Iliyofika Kiangazi

Shamba la mteremkoni, juu ya Mlali, ni la mama yangu. Naye alilipata kwa mama yake, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa akina mama. Tangu nilipopata akili lililimwa mahindi na maharage. Mimi nafundisha sekondari mjini. Dada yangu mkubwa ndiye aliyebaki nyumbani akalilima. Kila masika maji yalishuka na udongo hadi kijitoni, na mahindi yakawa yanazidi kudumaa.

Kwa hiyo afisa misitu alipokuja kijijini na kusema serikali itawasaidia watakaogeuza miteremko yao kuwa misitu binafsi, mama alinyoosha mkono hata kabla maelezo hayajaisha. Tungepewa miche ya mitiki bure, mafunzo, na mtaalamu wa kututembelea mpaka miti isimame. Kazi yetu ilikuwa kuacha kulima, kuchimba mashimo na kusubiri.

Tulichimba. Jumamosi nilikuwa nakwea mteremko huko baada ya wiki nzima ya kusimama darasani, nachimba mpaka viganja vinachubuka. Masika yakaja, mashimo yakajaa maji, miche haikuonekana. Kila nilipopiga simu, afisa alinijibu kwa upole: gari liko gereji, gari limetoka gereji lakini limepangiwa safari nyingine, wiki ijayo, mwalimu. Mvua ikakatika. Miche ikaja kiangazi kimeshakolea, majani yamejaa vumbi, ikashushwa kando ya barabara kwa sababu lori halikuweza kupanda.

Dada aliitazama, akashika kiuno. "Sasa hii tunaipanda wapi? Kwenye vumbi?"

"Tutaipanda," mama akasema. "Tuliomba wenyewe."

Tuliipanda. Dada na mama wakabeba maji kichwani kutoka kijitoni, asubuhi na jioni, wakati mahindi ya kula tunanunua kwa watu. Magoti ya mama yalianza kuvimba. Nilimwambia apumzike, akanijibu kuwa miche haijui kupumzika. Mingi ilikufa hata hivyo. Iliyopona ilipata mvua za vuli ikatoa majani mapana kama sinia, nikaanza kuamini.

Mwaka uliofuata jirani alichoma majani akiandaa shamba lake. Upepo ukageuka. Nilipofika Jumamosi hiyo nilimkuta mama ameketi chini, kanga imejaa majivu, upande mzima wa kulia umekuwa mweusi. Jirani alikuwa amesimama pembeni yake, anaomba msamaha. Nilimpigia simu yule afisa. Alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Akaniambia nimtafute mwenzake aliyempokea, ila namba yake hakuwa nayo.

Huyo mwenzake alikuja miezi mingi baadaye, tukiwa hatumtarajii tena. Alikuwa binti mdogo kuliko hata wanafunzi wangu wa zamani, buti zimejaa tope, amepanda kwa miguu.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye afisa misitu."

"Marahaba mwanangu. Pikipiki yako iko wapi?"

"Ofisini. Haina mafuta."

Dada alicheka, kicheko kikavu. "Miche umetuletea?"

"Sijaleta, dada. Mwaka huu hakuna. Nimekuja kuona iliyopo."

Nilitegemea aangalie, apige picha, ashuke. Alizunguka shamba lote, akarudi kutuuliza kwa nini hatukuwa na njia ya kuzuia moto. Nikamwambia hakuna aliyetufundisha. Nilisema kwa hasira, nikijua fika kwamba si yeye aliyetuacha. Akaomba jembe.

Siku ile tulilima naye ukanda mpana kuzunguka msitu, tukakwangua majani yote mpaka udongo mtupu, na jirani aliposikia majembe akaja na lake. Mama alipika ugali na kisamvu akamlazimisha binti wa watu ashibe. Alipokuwa ananawa niliona malengelenge viganjani mwake. Huo ndio msaada wa serikali uliotufikia kwa mikono ya mtu, na alipokuwa anashuka nilimwambia asante. Moto ulipita tena kiangazi kilichofuata, ukafika kwenye ukanda ule, ukazimika.

Binti naye akahamishwa. Programu ikaenda wilaya nyingine, ndivyo tulivyoambiwa. Sehemu iliyoungua, dada alisema anataka kulima mihogo.

"Mmenilia miaka yangu na miti yenu," aliniambia. "Wewe una mshahara. Mimi nakula majani ya mitiki?"

Mama alinitazama nimjibu. Tukamwachia upande ule wote, na mihogo yake imestawi. Mama sasa hawezi kupanda mteremko. Anakaa nyumbani, ananiuliza miti imefika wapi, nami nainua mkono kumwonyesha kimo, ingawa mkono hautoshi tena, maana imeshanipita mbali.

Juzi nilipanda peke yangu kupunguza miti iliyosongamana. Nilisimama na panga nisijue nianze na upi. Nikampigia yule binti afisa kwa namba aliyotuachia, huko aliko sasa, sikutegemea apokee. Alipokea.

"Mwalimu! Mama hajambo?" Nikamweleza nilipokwama. "Nipigie picha."

Nikazunguka, nikapiga, nikamtumia. Alipiga tena baada ya muda, sauti imechoka kama yangu. Nyuma yake watu walikuwa wanamsubiri, nilisikia wakimwita.

"Ondoa uliopinda, karibu na jiwe," akasema. "Halafu ule mwembamba nyuma yake. Usiuonee huruma."

Nilikata uliopinda. Ulichukua muda, mti una maji na panga halikuwa kali. Nikapumzika, nikakata na ule mwembamba. Mistari ya miti iliyobaki ilikuwa mingi, na jua lilikuwa limeshawaka mgongoni.