Uzi Ulioitwa Taka

Juzi kwenye dirisha la forodha, mbele yangu alisimama Mhindi mmoja mzee, fundi wetu wa kutarizi majoho pale Mji wa Kale. Kifurushi chake cha uzi wa hariri kilikuwa kimefika.

"Umesokotwa kwa mabaki," karani akamwambia. "Katika kitabu cha ushuru huitwa uzi wa taka za hariri. Tia sahihi, mzee wangu, uchukue."

"Mwanangu, mke wangu aliusokota kwao Bara Hindi, kitandani, mpaka akafa. Andika hariri tu."

"Nikiandika hivyo, hautoki."

Akatia sahihi. Kisha akauinamia ule uzi: "Niwie radhi, mama watoto."

Karani akawa autafuta muhuri, nao umo mkononi mwake.

Mimi sikwenda skuli kujifunza majina ya vitabuni, wasomaji wangu. Siku ile sikujuta.