Ushuhuda wa Siku Isiyo Yake

Kanisani kwetu pasta alitangaza juma la ushuhuda, na kichwa chake kilikuwa hiki: furaha ya kweli, uliionja wapi? Kila mama asimame, ashike mikro, asimulie siku moja tu ya maisha yake. Mimi nilikataa palepale. Nimeuza makayabo katika soko kuu la Kisangani miaka kumi na saba. Nikisimama mbele na ile harufu ya samaki wa chumvi, watu wa safu ya kwanza wataziba pua kabla sijafungua mdomo. Tena kuna mambo ambayo si ya mikro. Ni yako. Unayabeba ndani, yanakusaidia kuamka asubuhi, basi.

Pélagie alikubali. Pélagie ni rafiki yangu, au niseme alikuwa. Mpaka leo sijui niseme lipi. Meza yake ya nyanya na pilipili imegusana na meza yangu tangu mwaka wa kwanza. Ananiita Yaya, dada mkubwa, kwa sababu nimemzidi miaka minne. Mvua ikinyesha tunajifunika turubai moja. Tunagombana mpaka wateja wanacheka, halafu saa ya kula tunakata kwanga moja ya muhogo, nusu yake nusu yangu. Kama ungeniuliza mwezi uliopita tu, nani anayajua maisha yako, Angèle, ningekujibu: Mungu na Pélagie.

Ngoja kwanza nikueleze siku yenyewe, maana bila hiyo utaniona mwanamke wa hasira za bure.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mimi na mume wangu Cyprien tulipanda lori kwenda kununua mpunga upande wa Banalia. Cyprien alikuwa seremala. Mtu wa maneno machache sana. Ukimuuliza kama chakula ni kitamu, anasogeza tu sahani umwongeze. Wakati wa kurudi, kabla hatujafika Bengamisa, lori lilizama kwenye tope mpaka milangoni. Tulikaa pale siku tatu. Siku ya tatu chakula kilikuwa kimekwisha, na watu walikuwa wamemtukana dereva mpaka matusi nayo yakaisha. Cyprien akaniambia twende mbele kwa miguu, labda tutapata shamba. Tulitembea asubuhi nzima. Sapatu zangu zilibaki ndani ya tope saa ya kwanza tu. Mwishowe tukamkuta mama mmoja analima, akatupa nanasi bila hata kutuuliza majina. Tukaketi juu ya gogo, Cyprien akalipasua kwa panga, tukala huku maji yake yanatiririka mpaka kwenye viwiko, tukaanza kucheka. Sijui tulicheka nini. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Sehemu hiyo Pélagie anaijua. Nimemsimulia labda mara ishirini, mpaka alikuwa ananitania: "Yaya, leo tena nanasi?"

Sehemu ya pili sikumwambia mtu. Miguu yangu ilikuwa imepasuka, damu na tope pamoja. Nilikuwa nanuka, nywele zimesimama, nimevimba macho. Tulikuwa na kibidoni cha maji ya kunywa, chini ya nusu, jua kali, na hatukujua tutapata mengine wapi. Cyprien akapiga magoti kwenye majani, akaushika mguu wangu wa kushoto, akaumwagia yale maji. Nikapiga kelele: "Weye! Ile ni ya kunywa!" Aliosha kidole kwa kidole. Akahamia mguu wa kulia, akaosha vilevile, mpaka kibidoni kikawa kitupu. Nikalia kama mtoto. Halafu nikaona aibu kwa ajili yake, kwa sababu kwetu mwanaume akionekana anamwosha bibi yake miguu, watu watasema amelishwa dawa. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akasema, "Nimwambie nani?" Tukarudi kwenye lori na kiu yetu.

Kwa hiyo pasta anapouliza furaha ni nini, mimi jibu ninalo. Ni mtu akuone siku ambayo umekuwa mbaya kabisa, na asigeuze macho. Mengine nayapenda pia, liputa jipya la kujifunga, nyumba isiyovuja, nani anakataa? Lakini nimeyapata na kuyapoteza, na sikuwahi kuyalilia zaidi ya wiki moja. Ile siku ya njiani ndiyo iliyonifanya niseme kwamba sikuja duniani bure.

Bon. Miaka sita iliyopita Cyprien aliugua figo. Wiki tatu hospitalini, na mimi nalala chini kando ya kitanda chake. Asubuhi ya mwisho nilimlisha uji, akaumwaga juu ya shuka niliyokuwa nimeifua jana yake. Nilikuwa nimechoka. Nikamfokea: "Unanichosha, Cyprien! Kweli unanichosha!" Yeye akafumba macho. Nikamwacha na Pélagie, nikaenda nyumbani Kabondo kuoga na kumpikia mchuzi wa samaki. Niliporudi na sufuria yangu, walikuwa wamekwisha kumfunika uso.

Sufuria sikuitua hata chini. Nilimuuliza Pélagie, "Alisema nini?"

"Hakusema kitu, Yaya. Alilala tu."

Miaka sita nimeishi na hilo "hakusema kitu". Wewe unayesoma, jaribu tu wiki moja. Ulimfokea mtu, akafumba macho, akafa. Je, aliondoka amenikasirikia? Miaka kumi na mbili ya ndoa, nilikuwa kwake nani, mwanamke wa nanasi au mwanamke wa kelele juu ya shuka? Nimeuliza hayo nikipanga makayabo, nimeuliza nikisali. Mara ngapi nimemwuliza Pélagie mwenyewe, pale mezani, machozi yakinitoka! Alikuwa ananifuta kwa kona ya liputa lake na kusema, "Yaya, wacha. Alienda na amani." Nami nikamshukuru. Nilimshukuru, fikiria!

Jumapili ya ushuhuda ikafika. Kanisa letu ni jipya, na katika watu wa soko tulikuwa pale sisi wawili tu. Pélagie alivaa bluu, amesuka nywele, amependeza kweli. Akashika mikro, akaanza: "Mimi na bwana yangu Hilaire, tulikuwa tunatoka Banalia, lori ikazama..."

Nilidhani ni utani. Hilaire! Hilaire aliyemwacha akaenda machimbo ya dhahabu, ambaye hajamtumia hata salamu! Lakini Pélagie akaendelea, siku tatu, tope, shamba, nanasi. Watu wakacheka pale ambapo mimi na Cyprien tulicheka. Nikasema moyoni, haya, mwache. Ameazima nanasi langu, maskini, kwa sababu hana lake. Nilikuwa tayari kumsamehe, na kesho yake sokoni nimtanie mpaka ajute.

Ndipo akasema: "Bwana yangu akapiga magoti. Akakamata maji ya kunywa, akanisafisha miguu. Kidole kwa kidole."

Kanisa zima likalipuka: Amina! Pasta akaruka, "Kama Bwana Yesu! Kama Bwana Yesu!" Mama Sandrine aliyeketi karibu nami alikuwa analia, akanibana mkono: "Mama, unasikia upendo?" Jambo hilo lilijulikana na watu wawili duniani. Mmoja tumemzika, mwingine ni mimi.

"Na kabla ya kuachana," akasema Pélagie, "aliniambia: Pélagie, ile siku ya miguu, njo siku niliishi." Eti ndiyo siku aliyoishi! Macho yake yakanikuta. Akamrudishia pasta mikro bila kusema hata asante Yesu.

Sikungoja baraka. Nilienda moja kwa moja nyumbani kwake, nikasimama uani mpaka akafika. Aliniona, hakunisalimu. Akaenda kwenye kinu cha pondu zake, majani ya muhogo, akaanza kuzitwanga na nguo za kanisa mwilini, kama vile mimi ni ukuta. Nikamnyang'anya mchi.

"Nani alikuambia ya miguu?"

"Weye mwenyewe, Yaya. Kule sokoni."

"Pélagie, minakuuliza mara moja tu."

Alitazama ndani ya kinu. "Papa Cyprien."

"Siku gani?"

"Ile asubuhi. Kule hospitali."

Mama yangu! Nikashika ukuta. "Si ulisema hakusema kitu!"

"Alisema." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikuwa umetoka tu, hata mulango haiyafungika muzuri. Alifungua macho, akakutafuta. Akanielezea ile mambo yote, lori, na maji, na miguu. Akasema nikuambie weye, na nikuambie mbio, juu labda hatakungojea."

"Na hukuniambia!" Majirani walitoka, waache watoke. "Miaka sita, Pélagie! Uliniona nalia mbele yako, ukanifuta machozi na mikono yako, na maneno ya bwana yangu iko ndani ya kinywa yako! Weye ni mutu ya namna gani?"

"Nilitaka kukuambia siku ile ile. Ukaingia na sufuria, batu wakaanza kulia, nikasema kesho. Kesho yake nikasema, nikae nayo siku moja tu." Akajifuta pua na mkono wenye pondu. "Yaya, mimi hakuna mutu alishaniambia kitu ya vile. Hata siku moja. Hilaire alikuwa ananiita na kupiga miluzi. Basi nilikuwa naikamata ile maneno, naisema peke yangu polepole, kama ni mimi aliniambia. Nilikuwa nasikia muzuri. Kila siku nasema, nitairudisha kesho."

Mwizi wa kuku unamwelewa, ana njaa. Huyu naye alikuwa na njaa, niliiona, sikatai. Lakini alikuwa anakula chakula cha marehemu wangu, mbele yangu, miaka sita, huku akinikatia nusu ya kwanga na kuniambia nisilie. Nilitamani kumpiga na ule mchi. Nilitamani pia, na hili ndilo linaloniudhi mpaka leo, kumkumbatia. Kwa sababu katikati ya hasira ile kitu kilinipanda kifuani: Cyprien hakunikasirikia! Alifungua macho, akanitafuta! Shuka, uji, kelele zangu, vyote alivipita akaenda kuketi juu ya gogo letu. Nilifurahi, ndiyo, nilifurahi hapo hapo uani kwa mwizi, na nilimchukia zaidi kwa kuwa ni yeye aliyeniletea.

"Niambie," nikasema. "Maneno yake. Yake yeye, si ya kanisa. Usiongeze, usipunguze."

Akapangusa mikono, akasimama wima kama mwanafunzi. "Alisema: ambia Angèle, ile siku ya njia njo siku niliishi." Akakunja uso. "Ao alisema, ile siku ya miguu..."

"Ni ipi?"

"Ngoja, Yaya."

"Alisema niliishi, ao alisema tuliishi?"

Sasa alikuwa analia kweli, si machozi ya mikro. "Sijui tena. Nimeisema mara mingi sana. Nilikuwa nageuza kidogo, kila mara kidogo, juu ifanane na yangu."

"Lakini jina yangu alitaja?"

"Alitaja! Mbele ya Mungu, alitaja."

"Basi uiseme vile alisema. Anza tena. Polepole, kama yeye."

Niliketi kwenye kigoda chake, nikafumba macho ili nisimwone yeye, nimsikie Cyprien. Pélagie akavuta pumzi. Akaanza tena tangu mwanzo, lori, tope, maji, miguu, kwa sauti ya chini, na alipofika pale pa jina langu akataja lake mwenyewe: Pélagie.