Siku Niliyopeleka Isale Uwanja wa Ndege

Mimi shule niliishia la tatu, lakini breki ya propela naijua. Msicheke! Niliijua kwa kusimama siku nzima nje ya wavu wa uwanja wa ndege, jani la isale mkononi.

Nilikuwa nimemfuata mjukuu wangu, yule niliyemlea tangu mdogo kabisa. Aliposema anataka ufundi wa ndege nilimropokea mbele za watu: "Mwanamke wa kushinda na grisi, nani atamtaka?" Akabeba begi, akaondoka kwetu Lemara. Miaka miwili hajakanyaga kwangu. Jamani, nilimkumbuka huyo mtoto! Nikipika loshoro, mahindi yetu ya mtindi, napika ya wawili, halafu nakaa naitazama.

Basi asubuhi ile nikachuma isale. Kwetu ukimpelekea mtu jani hilo umeomba msamaha. Akilipokea, yameisha. Asipolipokea, ndiyo basi tena.

Mlinzi akanionyesha. "Yule pale, bibi, mwenye ovaroli."

Ndege inanguruma mpaka masikio yanauma, lakini propela imetulia tuli.

"Mbona hiyo imekufa?"

Akacheka huyo! "Haijafa. Imeshikwa na breki, iko ndani ya giaboksi, lile sanduku la gia nyuma ya propela. Injini inafanya kazi, propela inakaa, abiria wanapita salama. Mjukuu wako ndiye kaitengeneza, leo wanaijaribu."

Mara propela ikajisogeza, polepole, kama ng'ombe anayetaka kuamka. Mjukuu wangu akapunga mkono, injini ikazimwa. Breki inateleza. Akapanda ngazi, akafungua upya. Jua likapanda, Meru ikajifunika mawingu, mimi nimesimama tu namwangalia mgongo.

Saa saba akaja kwenye wavu. Nikampenyezea isale. Akarudisha mikono nyuma.

"Siwezi kulishika, bibi."

Nikazidi kulisukuma jani kwenye wavu.

"Siruhusiwi kurudi kwenye injini na kitu mfukoni, hata jani. Na ona mikono ilivyo! Oili ilivuja kwenye breki, ndiyo maana haishiki. Nisubiri."

Akageuka, akaenda. Sasa mimi nijue vipi kama ni kazi kweli au ananikataa kwa adabu? Mlinzi akaniletea kiti, sikukaa. Loshoro niliyombebea mjukuu nikampa mlinzi.

Jioni wakawasha tena. Injini ikanguruma, ikanguruma, propela haikutikisika hata kidogo. Nikapiga kigelegele peke yangu pale nje, watu wa bodaboda wakageuka!

Akatoka getini, mikono kaisugua mpaka imekuwa myekundu. Akalipokea jani kwa viganja viwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Nikamshika mashavu tu, nikamshikilia. Ikabidi mlinzi ndiye aitikie marahaba.