Kata Nusu

Kitu cha kwanza nilichofundishwa nilipoajiriwa stoo hakikuwa kupanga makatoni wala kusoma tarehe za dawa. Nilipewa kalamu nyekundu. Bosi wangu, mwanamume wa maneno machache aliyeshinda mezani akitafuna karanga, alinisogezea rundo la karatasi za oda akasema, "Kata nusu. Hawa wote wanaongeza."

Hiyo ni miaka kumi na minne iliyopita, na kalamu bado ninayo. Si ile ile, ila ni nyekundu.

Stoo yenyewe iko katikati ya jiji, nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, kwenye jengo ambalo ghorofa za juu zimejaa vipuri vya magari. Ukiingia unakutana na harufu ya grisi kwanza, ndipo ya dawa. Tunahudumia kliniki saba ndogo za upande wa magharibi: Riruta, Kangemi, Uthiru, Mountain View, na nyingine zilizo katikati ya hizo. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wanaleta oda, Jumanne mtu wetu wa pikipiki anapakia, basi. Ukikosa hapo unangoja mwezi mwingine.

Na kusema kweli, walikuwa wanaongeza. Daktari wa Kangemi alitumia boksi nane za glavu kwa mwezi, lakini aliandika kumi na sita. Alijua nitakata, nami nilijua anajua. Ni kama kununua nyanya sokoni. Mama wa nyanya anataja bei ambayo hata yeye haiamini, wewe unataja yako, mnakutana mahali na kila mtu anaenda kwake. Tatizo ni kwamba baada ya miaka kadhaa hakuna aliyejua tena glavu ngapi zinatumika Kangemi. Kwenye karatasi kulikuwa na namba, lakini hiyo namba haikuhesabu wagonjwa. Ilihesabu jinsi mtu anavyoogopa kuishiwa.

Mimi kazi yangu niliipenda, na sioni haya kusema nilijiona. Dawa inayokaribia kuharibika nilikuwa naiweka mbele, mpya nyuma, ili ya zamani itoke kwanza. Joto la friji nilisoma asubuhi na jioni. Kila rafu ilikuwa na kadi yake, na mtu akitoa chupa moja bila kuandika kwenye kadi nilikuwa namsema mpaka anatamani kurudi kwao. Mtu wa pikipiki, baba mtu mzima wa kutoka Kakamega, alikuwa akiniambia, "Madam, wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa chifu." Nilikuwa nacheka, lakini nilipenda kusikia.

Baba alipofariki nilimleta mama kutoka Mwingi akae nami Riruta, kwenye plot ya nyumba za kupanga, vyumba viwili, ukiingia ndani kutoka Naivasha Road. Mama alikuwa na sukari. Alijidunga insulini mara mbili kwa siku, mistari ishirini ya sindano asubuhi na kumi jioni, na chupa moja ilimtosha mwezi na siku chache. Bila hiyo chupa hangeishi, daktari alituambia hivyo sote wawili bila kuzunguka. Alikuwa anaichukua kwenye kliniki iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Na hiyo kliniki ilikuwa moja ya zile saba zangu.

Mara moja tu, mwaka wa kwanza, aliniuliza kama ninaweza kumbebea chupa kutoka kazini ili asipige foleni. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Mama, ile stoo si shamba la babangu. Dawa inapita njia yake, na wewe utapita njia yako kama watu wengine." Akasema, "Sawa, mama." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mamake, ndivyo sisi Wakamba hupeana majina. Hakuniuliza tena. Wakati ule nilidhani nimeshinda.

Halafu ile kliniki yetu ya Riruta ikapata sista mpya, muuguzi wa kuisimamia. Yule wa zamani alistaafu, na nadhani hakuna aliyemkalisha huyu mpya chini akamweleza namna tunavyoishi. Oda yake ya kwanza ilikuja imeandikwa kwa mkono safi wa shule. Yule wa zamani alikuwa akiandika insulini kumi na mbili. Huyu aliandika sita.

Niliiangalia ile sita. Nakumbuka niliiangalia, sitasema uongo. Nikafikiri, labda wagonjwa wamepungua. Nikafikiri pia kwamba hii ni kliniki ya mama, na nikiiacha bila kukata kuna mtu hapa ofisini atasema napendelea kwetu. Zilikuwa karatasi saba, saa mbili asubuhi, chai inapoa. Nikaandika tatu kwa kalamu nyekundu, nikaenda karatasi nyingine.

Jumatano sista alinipigia simu.

"Madam, niliandika sita, nimepata tatu."

"Kila mtu huandika zaidi," nikamwambia.

"Lakini wagonjwa wa insulini ni sita. Nawajua kwa majina."

"Sista, umeanza kazi lini? Kila mwezi nasikia hayo maneno kutoka kliniki saba. Ngoja oda ya mwezi ujao."

"Na hawa wengine watatu?"

Nilikata simu. Hapo ndipo huwa nasimama kila nikikumbuka, kwa sababu aliuliza swali lililo sawa kabisa, na jibu lilikuwa kwenye friji nyuma ya mgongo wangu. Kulikuwa na chupa kumi na moja. Nilikuwa nimezihesabu asubuhi ile, na hesabu ilikuwa imelingana na kadi.

Mama alienda kliniki Alhamisi. Kwa kawaida alikuwa anaenda Jumatano, lakini wiki hiyo akina mama wa kanisa walikuwa na maombi, akachelewa siku moja. Chupa tatu zilikuwa zimeshachukuliwa na watu watatu waliotangulia. Aliambiwa hakuna hadi mwezi ujao, ajaribu kununua duka la dawa. Alirudi nyumbani na hakuniambia kitu.

Nilikuja kujua baadaye alichofanya. Kwenye chupa yake ya zamani kulikuwa kumebaki kidogo, kama ya siku tatu. Akaacha ya jioni kabisa. Ya asubuhi, badala ya mistari ishirini, akawa anavuta kumi. Alikata nusu. Hakuna aliyemfundisha. Ni hesabu ambayo mtu yeyote anaifanya akiona kitu hakitoshi.

Nami nilikuwa naishi naye nyumba moja. Kila asubuhi nilifungua friji kutoa maziwa, na kila asubuhi nilikuwa naiona ile chupa kwenye mlango, ndani ya kikombe cha plastiki kando ya mayai. Nikiiona nasema moyoni, dawa ipo. Mimi, mtu wa kuwasema wengine kwamba usiamini kadi, shika chupa, itikise, uhesabu kwa mkono. Sikuishika hata siku moja.

Aliacha kumaliza chakula. Nilimuuliza, akasema hana hamu tu. Akawa anakunywa maji sana, nikasema ni vizuri mzee kunywa maji. Kulikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu alichokificha kwa soksi, na kwa baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba hakuna anayemuuliza mwenzake mbona amevaa soksi.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilimkuta amekaa kitandani tayari kwa kanisa, kitambaa kichwani, Biblia mapajani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mguu ulikuwa umevimba, kiatu hakiingii. Nilimwambia, "Mama, tuchelewe?" Akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoniona. Kisha akaanza kunisalimia kwa Kikamba kama mgeni aliyebisha hodi, akaniuliza watu wa kwetu hawajambo.

Nilikimbia kwenye friji. Chupa ilikuwa nyepesi. Niliigeuza juu chini na hakuna kilichosogea. Mama alikuwa ameiacha pale makusudi ili nisiulize.

Mimi na jirani tulimfikisha hospitali kabla ya saa tano. Daktari alisema sukari imepanda hadi mashine haitoi namba, imeandika tu iko juu. Jumatatu sikwenda kazini. Jumanne pia. Mama alifariki Jumatano saa sita mchana, watu wakiletewa chakula kwenye wodi, na mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha sahani yake akanishika mkono. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Nilikuwa na hasira na mama, na hilo sijawahi kumwambia mtu. Niliona amenifanyia ubaya. Angesema neno moja tu. Kisha nikajikumbuka nikimwambia kuhusu shamba la babangu, hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Sista alikuja kwenye matanga pale Riruta. Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa msichana mwembamba, na alipofungua mdomo kunipa pole nilitambua sauti ya simu. Yeye pia alinitambua, nadhani, kwa sababu alikatiza ile pole katikati akaniangalia tena. Nilimvuta pembeni penye masufuria nikamuuliza mama alisema nini Alhamisi ile.

"Hakusema sana," akajibu. "Watu walikuwa wanalalamika kwenye foleni. Wanatukana watu wa stoo, kwamba wanaficha dawa, kwamba hawana mama zao. Shosho, yaani mamako, akasema wasitukane watu wasiowajua. Akasema pengine hao watu pia wamenyimwa na wengine."

"Alisema mimi ni mtoto wake?"

"Hapana. Nimejua leo."

Sista alitazama chini. Nilingoja aniulize kwa nini nilikata ile sita, na ningemjibu, nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. Hakuuliza. Alichukua sahani chafu mbili akaenda kuziosha pamoja na akina mama wengine.

Tulimzika mama Mwingi, kando ya baba. Nilikaa huko siku tisa nikarudi. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ilinikuta kwenye meza yangu. Bosi alinipa pole, akaniwekea karanga chache kwenye karatasi, kisha akaniwekea oda.

Nilitaka kumwambia tuache. Nilikuwa nimeyafikiria yote njiani kutoka Mwingi mpaka Nairobi: tuite kliniki zote saba, kila mtu aseme idadi ya kweli, na sisi tutoe idadi ya kweli. Nikamwambia. Alisikiliza vizuri. Akasema, "Na wa kwanza kusema uongo atakula dawa ya wote. Wewe unajua nani atakuwa wa pili?" Nikavuta karatasi za oda mbele yangu.

Basi nikaanza. Kangemi, Uthiru, Mountain View. Karatasi ya Riruta ilikuwa ya tano. Mwandiko ulikuwa ule ule safi wa shule, lakini sista alikuwa amejifunza. Glavu zilikuwa zimepanda. Panadol zilikuwa zimepanda. Nikashuka kwa kidole hadi kwenye insulini, nikijua nitakuta kumi na mbili, sita mara mbili, kama yule wa zamani.

Alikuwa ameandika kumi.

Tano mara mbili. Mtu wa pikipiki aliingia akauliza kama kuna barafu ya kutosha kwenye boksi la kubebea dawa, nikamwambia ndiyo bila kuangalia. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikakata nusu, nikaandika tano, nikaenda kwenye friji nikazihesabu kwa mkono, moja moja, chupa tano za wagonjwa watano wa Riruta. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nilijua kwamba hakuna iliyozidi na hakuna iliyopungua.